Waliosimama Nyuma ya Nabongo

Siku ile mjinga alikuwa Elphas, na tuanzie hapo asije akatafuta pa kujificha baadaye. Sajini mzima, miaka kumi na minne katika upelelezi pale Kakamega, alipiga magoti kwenye chumba cha wafanyakazi mtaa wa Al-Murabba, Riyadh, akalivunja kufuli la sanduku la Zacharia mbele ya mashahidi wanane. Ndani hakukuta picha. Alikuta unga wa mahindi.

Paketi sita, kutoka nyumbani, zimeviringishwa kwa taulo kama mtoto mchanga.

"Tafuta vizuri, afande," Zacharia alisema, mikono kiunoni. "Labda picha imesagwa humo."

Wale wanane hawakuwa na habari tena na picha. Tangu Februari Zacharia alikuwa akila wali pamoja nao, akilalamika kuliko wote kwamba amesahau ugali unafananaje.

"Zacharia," mmoja wao, Duncan, alisema polepole kama anayetangaza msiba, "wiki jana uliniona nikisonga unga wa ngano nikijidanganya ni ugali. Ukanipa pole."

"Nilikupa pole ya kweli."

Jioni ile zilibaki paketi mbili. Elphas alipata adui mmoja na sahani moja ya ugali. Ushahidi hakupata.

Alirudi kwenye kibanda chake, langoni pa jumba la ofisi alilokuwa akililinda, akafungua daftari. Kakamega angekuwa na meza, faili na mti wa mzambarau dirishani. Hapa alikuwa na kiti cha plastiki na kalamu aliyopewa bure na muuza maji. Akaandika upya, safari hii kwa mpangilio.

Kilichopotea: picha moja ya zamani, ukubwa wa daftari la shule. Katikati ameketi Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, katika miaka ile Wazungu walipokuwa wakimwita chifu mkuu. Nyuma yake wamesimama wanaume wawili, kila mmoja ameshika upande wake wa kiti.

Mwenye mali: Hezron, dereva wa familia moja ya Riyadh, umri hamsini na minane, mtu wa Mumias. Wa kulia pichani ni babu yake mzaa baba.

Mahali: kwa Robinson na mkewe Fridah, vyumba viwili, ghorofa ya tatu, Ijumaa, baada ya chakula cha mchana. Mapazia yamefungwa, maana wanaume na wanawake wasiohusiana kukaa pamoja si jambo la kutangaza mjini humo.

Namna: picha ilipitishwa mkono kwa mkono, Zacharia akiwa wa mwisho kuonekana nayo. Akairudisha kwenye bahasha, au ndivyo asemavyo, bahasha ikawekwa juu ya televisheni. Saa kumi Hezron alipoiomba, bahasha ilikuwa na hewa.

Muda: hadi Ijumaa ijayo. Hapo Elphas alipiga mstari mara mbili. Bosi wa Hezron alikuwa na binamu kwenye shurta, polisi wenyewe, na alishamwambia dereva wake: nipe jina tu. Kila aliyekuwa kwa Fridah alijua maana yake. Jina la mfanyakazi likiingia kituoni kwa wizi, ikama yake, kibali cha kukaa nchini, inafutwa, mwenyewe anaingia jela, halafu anarudishwa kwao mikono mitupu. Na mwaka ule wa 2014, mawakala wa Nairobi wakijaza ndege kila wiki, nafasi yake ingepata mtu kabla godoro halijapoa.

Jumatatu alipanda ghorofa ya tatu.

"Nionyeshe simu yako," alimwambia Fridah.

"Nikuonyeshe simu yangu wewe kama nani?"

"Ulirekodi watu wakiongea."

"Ningekuambia Ijumaa ileile, lakini ulikuwa na haraka ya kufuli la Zacharia." Fridah alisafisha sakafu za zahanati moja siku sita kwa wiki, na mdomo wake haukuwahi kuomba likizo. "Chukua. Usiingie kwenye meseji."

Video ilikuwa ya dakika kumi na moja. Elphas aliitazama mara nne. Hezron ameketi chini ya feni, anasimulia, mikono yake hewani imebeba kiti kisichokuwepo. Robinson anacheka mpaka anajishika mbavu. Kisha mwanamke mwenye kitambaa cha buluu kichwani anaingia na sinia la chai.

"Huyu?"

"Selipher. Aliletwa na rafiki yangu Lydia. Ni kadama, mtumishi wa ndani, wa familia moja kule kaskazini mwa mji. Haongei, lakini aliniachia jikoni panang'aa."

Kwenye video Selipher alimpa Robinson kikombe mkononi. Akampa Zacharia mkononi. Akampa Duncan, Duncan akasema jambo la kipuuzi, wote wawili wakacheka. Alipofika kwa Hezron alisimama mbali, akainama, akakiweka kikombe juu ya stuli, akarudi nyuma hatua mbili. Mzee alikiokota bila kutazama, kiti chake cha hewani kikiwa bado mkono wa pili.

"Labda ni dini," Elphas alisema. "Hampi mwanamume kitu mkononi."

"Na Zacharia ni nani, shangazi yake? Huyo ni Mkristo, tena wa kwaya."

"Alimsalimia mzee?"

"Kwa mdomo, kutoka mlangoni. Hata chakula cha mzee aliniomba nimpelekee mimi. Nikasema labda anaogopa wazee wa makelele."

Elphas aliandika: anamkwepa mwenye mali. Akafikiri kidogo, akaongeza: hofu ya mwizi.

"Yuko wapi sasa?"

"Jeddah. Familia iliondoka Jumamosi, wamekwenda kwa jamaa zao mpaka shule zifunguliwe." Fridah alinyoosha mkono kudai simu yake. "Sajini. Utampa mzee jina la huyo dada?"

"Bado sina jina. Nina kikombe."

Bahati ilimjia Alhamisi. Bosi wa Hezron naye alikuwa anahamia Jeddah kwa wiki mbili, na kama ilivyo desturi ya mabosi, yeye na watoto wangepaa, gari lingekwenda na dereva. Kilomita mia tisa na kitu. Elphas aliomba ruhusa ya siku mbili, akaomba na kiti cha mbele.

"Una mtu huko?" Hezron aliuliza walipoondoka, adhana ya alfajiri imekwisha punde.

"Nina mtu wa kumuuliza maswali."

"Jina?"

"Tukifika, mzee."

"Leo ni Ijumaa, Sajini. Leo ni leo."

Jua lilipopanda barabara ilikuwa malori na mchanga, mchanga na malori. Hezron aliendesha kwa mkono mmoja na kusimulia kwa mwingine. Alikuwa na miaka tisa Riyadh, lakini ukimsikiliza ungedhani ametoka Mumias asubuhi ile na viatu vyake bado vina tope.

"Unajua walimstaafisha? Mwaka wa ishirini na sita. Mfalme, kama karani! Wazungu waliolala kwake, waliokula kwake, wakamwambia asante mzee, pumzika. Babu alimbebea kiti siku iliyofuata. Anakitoa nje, anapangusa umande, anakiweka mahali pake. Watu wa kuleta kesi wamepungua, wanakwenda kwa machifu wapya wenye kofia. Yeye anakiweka tu. Miaka ishirini na tatu, mpaka Nabongo alipofariki."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kiti hakikustaafishwa."

Elphas alikubali kwamba hilo ni jibu. Alikula tende, akatema kokwa kwenye karatasi. "Sisi Watiriki tulimjua Nabongo wenu kwa wale machifu aliotuletea."

"Mlihitaji machifu. Mlikuwa mnagombania mahindi na nyani."

"Nyani walituheshimu zaidi."

Hezron alicheka, akapiga usukani kwa kiganja. Kisha sauti ikashuka, ikawa ile ya mtu anayetazama boma la zamani kutoka mbali. "Nyumba ile ilikuwa na adabu, wewe. Asubuhi unasikia ufagio uani, moshi wa mwarubaini, unasikia babu anakohoa, basi kila mtu anajua siku imeanza. Mama yangu aliolewa pale akiwa msichana mdogo. Hakuwahi kumpa babu kikombe mkononi, maisha yake yote. Anakiweka chini, anarudi nyuma hatua mbili, anangoja. Babu alipougua, mama alimuuguza kupitia mlango, sisi watoto ndio tunaingia. Siku hizi mkamwana anamshika baba mkwe mkono na kumtikisa kama mwanasiasa."

Tende ya pili iliganda mdomoni mwa Elphas.

Alikuwa na mke kule nyumbani kwao, Hamisi. Miaka kumi na mmoja mke huyo alimwekea baba yake Elphas kikombe juu ya kigoda na kurudi nyuma hatua mbili, na Elphas alikua akiona hivyo kwa mama yake pia. Miaka mitano ya Riyadh ilikuwa imetosha. Ameona mkamwana akimhudumia baba mkwe, ameona mara nne, na ameandika daftarini kwamba ameona mwizi. Alichomoa kalamu, akakata maneno matatu: hofu ya mwizi.

"Mzee, una watoto wa kiume wangapi?"

"Mmoja. Stephen. Yuko hukohuko Jeddah, anaendesha lori la maji."

"Ameoa?"

Hezron alipita malori mawili kabla ya kujibu. "Aliniambia ameoa. Nikamwambia huyo simjui na sitamjua. Ni wa Bungoma, Mbukusu. Watu tuliopigana nao Chetambe! Nyumba iliyosimama nyuma ya Nabongo haiwezi kuletewa mtu wa Chetambe."

"Chetambe ilikuwa mwaka wa 1895, mzee."

"Kwani mimi nimesema ilikuwa jana?"

"Umewahi kumwona huyo mke?"

"Hata picha yake sijaiona. Wala Stephen sijasikia sauti yake mwaka wa pili huu."

Kwenye kituo cha mafuta Hezron alikwenda kujaza tangi, Elphas akampigia Lydia.

"Selipher anapewa nafasi ya kutoka?" aliuliza.

"Ijumaa. Saa mbili tu, baada ya Alasiri. Madam wake ni mtu wa afadhali."

"Akitoka huenda wapi kule Jeddah?"

"Kwa jamaa yake, Al-Baghdadiyah. Kuna nini, Sajini?"

"Jamaa yake anafanya kazi gani?"

"Si anaendesha lori la maji. Kuna nini?"

Elphas alirudi garini. "Tutapita kwa Stephen," alisema. Hezron aliwasha gari, akaendesha kwa mikono miwili hadi Taif.

Stephen alikuwa na chumba kimoja juu ya duka la mablanketi, na katika joto la Jeddah ilikuwa vigumu kujua nani anayanunua. Alifungua mlango akiwa na singlendi. Aliwatazama, akaingia haraka kuvaa shati, akatoka tena ndipo akasema, "Baba."

"Ndiyo."

Walishikana mikono. Ilichukua muda mrefu kidogo kuliko salamu za kawaida, na Elphas akasoma bango la mablanketi lote, na Kiarabu chake.

Ndani, kando ya jiko la gesi, alisimama Selipher na kitambaa kilekile cha buluu. Aliwaamkia macho yakiwa sakafuni.

"Wewe si ulikuwa kwa Fridah?" Hezron alishangaa. "Sajini, huyu ndiye wa maswali?"

"Chai kwanza," Elphas alisema. "Nimekaa garini saa kumi."

Aliiomba chai ile kama afisa anavyoomba sahihi. Selipher alimimina vikombe vitatu. Cha kwanza alimpa Elphas mkononi, cha pili Stephen. Hezron alikuwa ameshanyoosha mkono kupokea chake. Selipher alisimama mbali, akainama, akakiweka juu ya stuli, akarudi nyuma hatua mbili, akangoja.

Mkono wa mzee ulibaki umenyooka. Alikitazama kikombe. Akazitazama zile hatua mbili za sakafu tupu. Safari hii aliona.

"Stephen," alisema. "Huyu ni nani?"

"Ndiye yeye, baba."

"Na kwa Fridah alikuja kufanya nini?"

"Alikuja kukuona," Stephen alisema. "Alitaka kukuambia mwenyewe. Akakusikia ukisimulia, akashindwa."

Elphas alifungua daftari juu ya goti. "Dada, picha iko wapi?"

Hakujifanya kutafuta. Aliinua mto wa kitanda, akatoa bahasha ngumu, akampa Stephen, Stephen akampa baba yake. Picha ilikuwa nzima. Nyuma yake zilikuwa nakala mbili mpya, bado zinanuka dawa za studio.

"Ulitaka kuiuza?"

"Nani hapa atanunua Nabongo?"

"Basi kwa nini hukuomba?"

"Nimwombe nani, afande? Baba mkwe aliyesema hanijui? Na simu yangu ni mulika mwizi, ningepiga picha kwa tochi? Nilitaka Jumamosi nitoe nakala, jioni Lydia amrudishie Fridah. Jumamosi asubuhi madam akasema yalla, pakia, tunakwenda Jeddah. Nikaja nayo."

Elphas aliandika yote. Ilikubaliana na Fridah, ilikubaliana na Lydia. "Nakala za nini?"

Selipher alibaki palepale alipokuwa. "Stephen, mwambie baba ahesabu vidole vya yule wa kushoto."

Hezron aliisogeza picha dirishani. Mwanamume wa kushoto aliushika mgongo wa kiti kwa mkono mmoja, vidole vimekaa wazi juu ya mbao. Mzee alikuwa ameibeba picha ile nusu ya maisha yake. Midomo yake ilihesabu, ikarudia.

"Vinne," alisema.

"Mwambie ni babu wa baba yangu. Alichukuliwa Chetambe akiwa mtoto, kidole kikabaki hukohuko. Aliyerudi kwetu Bungoma ni mwanawe. Ukoo wetu mpaka leo unaitwa watu wa vidole vinne. Tulijua alipelekwa kwa Nabongo, tulijua alibeba kiti. Sura yake hakuna kati yetu aliyewahi kuiona, hata mama. Ijumaa ile baba alisema wa kushoto ni mateka tu, hana jina. Anaitwa Namunyu. Nakala moja ni ya mama. Nyingine ni ya mtoto."

"Mtoto gani?" Hezron aliuliza.

"Allan," Stephen alisema. "Ana miaka mitatu. Yuko kwa mama yake Selipher, Kimilili."

Chini, mwenye duka alikuwa akibishana na mteja juu ya blanketi. Hezron alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Kwa muda Elphas alidhani kesi imekwisha, akafunika kalamu, na hapo akahesabu ujinga wake wa tatu. Mzee alikuwa ametoa simu.

"Wizi ni wizi," Hezron alisema. "Bosi anasubiri jina, sasa ninalo."

"Baba, watamfunga!"

"Alipoichukua alinifikiria mimi? Siku saba sijalala."

"Mzee," Elphas alisema, "nimefungua faili nyingi maishani. Ikishafika kwa wenyewe, hutaweza kwenda kuwaambia umesamehe."

"Wewe Mtiriki nyamaza, hili ni la nyumba yangu. Babu yangu alisimama pale kwa heshima, mtu wa mfalme. Huyo wake alishikishwa kiti kwa nguvu. Mateka! Leo mjukuu wa mateka aniingilie nyumba ya Nabongo, achukue vya Nabongo, halafu anihesabishe vidole?" Kidole gumba kilikuwa juu ya jina la bosi. "Mwambie, Stephen. Mwambie mimi ni mtu wa nani."

Selipher aliinua macho kutoka sakafuni, akamtazama mzee usoni, jambo ambalo hakulifanya Riyadh wala tangu waingie, na hakumtuma Stephen. Elphas aliyaandika maneno yake yote kama yalivyotoka, maana ndiyo yaliyofunga kesi: baada yake simu ilirudi mfukoni bila kupigwa, na kikombe kilichokuwa juu ya stuli kilinywewa hadi chini.

"Piga, baba. Wakija wataomba ikama zetu. Yako imeandikwa dereva, yangu imeandikwa kadama. Wakiuliza mtu wa Nabongo ni yupi kati yetu, utawaonyesha karatasi gani?"